Fizikia na tiba kwa pamoja: mwongozo kamili wa uzamili na uzamivu kwa mwanafunzi wa kigeni

Mwaka 1955 hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town iliondokewa na mwanafizikia wake. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka isotopu zenye mionzi zitumiwe chini ya usimamizi wa mwanafizikia mwenye sifa, kwa hiyo hospitali ikamwomba mhadhiri wa chuo kikuu cha jirani, Allan Cormack, awe anafika siku moja na nusu kwa wiki. Huko aliwaona wataalamu wakipanga tiba ya mionzi kana kwamba mwili mzima wa binadamu ni kitu cha aina moja, mfupa na pafu sawasawa. Akajiuliza swali la kihesabu: ukipima mionzi nje ya mwili tu, unaweza kujua inavyofyonzwa ndani? Jibu lake alilichapisha 1963 na 1964, likawa sehemu ya msingi wa mashine za CT (zinazopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande kwa eksirei), na mwaka 1979 akagawana Tuzo ya Nobel ya Tiba na mhandisi Mwingereza, Godfrey Hounsfield.

Cormack aliingia hospitalini kwa kuombwa tu. Mlango huo sasa umefungwa. Anayetaka kuifanya kazi ile leo anahitaji shahada inayotambuliwa, miaka ya mafunzo hospitalini chini ya usimamizi, na katika nchi nyingi mtihani au usajili wa kisheria. Wanafunzi wengi wa kigeni hupanga safari kwa kufuata chuo, kisha ufadhili, kisha viza, na suala la leseni huja mwisho wakiwa tayari na cheti mkononi. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unaanzia leseni na kurudi nyuma hadi kwenye fomu ya maombi.

Hatua ya 1: Chagua njia kabla ya kuchagua chuo

Fizikia na tiba hukutana katika njia tatu, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kuna gharama ya miaka.

Ya kwanza ni njia ya hospitali. Mwanafizikia wa tiba hufanya kazi bega kwa bega na madaktari wa saratani, wa radiolojia au wa tiba ya nyuklia. Si daktari, wala si fundi wa mashine, ingawa watu humchanganya na wote wawili. Jukumu lake kubwa ni kuhakikisha kwamba dozi iliyoagizwa ndiyo inayomfikia mgonjwa, mahali palipokusudiwa. Uzito wa jukumu hilo unaonekana kwenye hesabu moja ndogo. Dozi ya Gy 4 (grei, kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa na kila kilo ya mwili) kwa mwili mzima kwa mkupuo mmoja inaweza kuua mtu, lakini nishati yake hupandisha joto la mwili kwa takriban sehemu moja tu ya elfu ya nyuzi Selsiasi. Mgonjwa hasikii chochote, na daktari haoni chochote. Kinachojua ni kipimo, na mwenye kipimo ni mwanafizikia. Katika tiba ya saratani kiwango cha kawaida ni karibu Gy 2 kwa siku kwa wiki kadhaa, zikielekezwa kwenye uvimbe kwa usahihi wa milimita.

Ya pili ni njia ya utafiti: kubuni detekta mpya, kuboresha picha za MRI (zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu), kuunda algorithimu za kusoma picha, kuchunguza tiba ya protoni. Hapa uzamivu ndiyo tiketi, na leseni ya hospitali si lazima. Mfano unaojulikana zaidi ni programu ya Harvard na MIT iitwayo HST, iliyoanzishwa 1970, ambayo tawi lake la MEMP hutoa uzamivu wa uhandisi wa tiba na fizikia ya tiba. Wanafunzi wake husoma patholojia na fiziolojia pamoja na wanafunzi wa udaktari na hupelekwa wodini kukutana na wagonjwa, huku tasnifu zao zikibaki za fizikia au uhandisi. Sifa ya programu hii huwavutia wengi, lakini kumbuka haikutengenezwa ili kukupa leseni ya kusimamia mashine za tiba ya mionzi. Ukihitimu humo ukataka kazi ya hospitali, utalazimika kuongeza masomo mengine.

Ya tatu ni kuwa daktari na mtafiti kwa pamoja, yaani digrii ya udaktari na uzamivu katika programu moja. Nitasema wazi: kwa mwanafunzi wa kigeni nchini Marekani, njia hii ni finyu mno. Fedha za mafunzo za NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, zinazoendesha programu nyingi za aina hii hutolewa kwa raia na wakazi wa kudumu peke yao, kwa hiyo ni vyuo vichache vyenye fedha zake binafsi vinavyoweza kumpokea mgeni. Kama moyo wako uko kwenye udaktari, ni busara zaidi kusoma udaktari mahali unapoweza kuumudu na kupewa leseni, kisha uombe uzamivu wa fizikia ya tiba au upigaji picha ukiwa tayari daktari. Maabara nyingi humpokea daktari anayejua hesabu kwa mikono miwili.

Kuanzia hapa nazungumzia zaidi njia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye masharti mengi na ndiyo wageni hukwama.

Hatua ya 2: Anzia kwenye leseni

Masharti haya yana historia yake. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada dozi kubwa kupita kiasi kutokana na kasoro za programu yake ya kompyuta, na baadhi yao wakafa. Mwaka 2000 na 2001 nchini Panama, wagonjwa 28 walizidishiwa mionzi kutokana na namna data za vizuizi vya mionzi zilivyoingizwa kwenye programu ya kupanga tiba. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Hesabu ya mkono ya kuhakiki ingeweza kuligundua kosa. Ndiyo maana nchi nyingi hazitaki mtu aliyesoma vitabu tu awe wa mwisho kusaini mpango wa tiba.

Kiwango cha kimataifa unachoweza kujipimia nacho ni kile cha Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA. Kinataka shahada ya kwanza ya fizikia au inayolingana nayo, kisha shahada ya juu ya fizikia ya tiba, kisha mafunzo ya hospitalini chini ya usimamizi yasiyopungua miaka miwili katika tawi unalobobea. Uzamili bila miaka ile miwili ni nusu ya njia. Sentensi hiyo ingeandikwa juu ya kila tangazo la chuo, watu wengi wangeokoa fedha zao.

Sasa tuangalie nchi moja moja.

Marekani ndiyo yenye mfumo mgumu kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Bodi inayotoa leseni ya kitaaluma ni ABR, na mitihani yake ina sehemu tatu, ya mwisho ikiwa ya mdomo. Tangu 2012 huruhusiwi kufanya sehemu ya kwanza bila kuwa mwanafunzi au mhitimu wa programu yenye ithibati ya CAMPEP, tume inayokagua programu za fizikia ya tiba. Tangu 2014 huwezi kuendelea mbele bila rezidensi yenye ithibati hiyohiyo, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili ya kazi ya hospitali yenye mshahara. Rezidensi nyingi hugawiwa kupitia mfumo wa kulinganisha chaguo za waombaji na za hospitali, ulioanza 2015, mara moja kwa mwaka. Kuhitimu uzamili hakukupi nafasi hiyo moja kwa moja. Unaomba, unasailiwa, unapanga chaguo zako, unasubiri.

Kanada inatumia ithibati ileile ya CAMPEP kwa programu zake, na vyuo kama McGill na Toronto viko kwenye mfumo huo, ila cheti cha taaluma hutolewa na chombo chake, CCPM. Kwa anayetaka kubakiza milango ya nchi mbili wazi, hapa ni mahali pa kutazama kwa makini.

Uingereza imetenganisha vitu viwili ambavyo mgeni huviona kuwa kimoja. Kuna uzamili wa mwaka mmoja, unaotolewa na vyuo kama UCL, Surrey na Aberdeen (huko Aberdeen ndiko timu ya John Mallard ilikojenga mashine ya MRI ya mwili mzima na kumpiga picha mgonjwa 1980). Mtu yeyote mwenye sifa na ada anaweza kuomba. Halafu kuna mpango wa mafunzo wa huduma ya afya ya taifa uitwao STP: miaka mitatu, unalipwa mshahara, unasomeshwa uzamili ndani yake, na mwishoni unasajiliwa na HCPC, baraza la usajili wa taaluma za afya, kama mwanasayansi wa tiba. Ushindani wake ni mkali. Mwenye uzamili wa mwaka mmoja tu hawezi kujiita mwanasayansi wa tiba nchini humo, kwa sababu jina hilo linalindwa na sheria.

Ujerumani ina vyuo vya umma vingi visivyotoza karo, na programu nzuri zipo, za TU Dortmund na Heidelberg (ambayo hutoza karo wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya) zikiwamo. Kizuizi hapa ni lugha. Unaweza kupata darasa la Kiingereza, lakini wodini na mbele ya mamlaka ya ulinzi wa mionzi utazungumza Kijerumani. Asiyetaka kujifunza lugha hiyo hadi kiwango cha kazi achukulie Ujerumani kuwa mahali pa utafiti tu.

Afrika Kusini inasajili wanafizikia wa tiba kupitia HPCSA, baraza la taaluma za afya la nchi hiyo, baada ya shahada ya heshima ya fizikia ya tiba na mafunzo kazini ya miaka miwili katika hospitali iliyoidhinishwa. Ghana ina skuli ya sayansi za nyuklia ya Chuo Kikuu cha Ghana, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na IAEA, ambako wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika wamesoma. Malaysia ina uzamili wa Chuo Kikuu cha Malaya, unaofundishwa kwa Kiingereza na uliowahi kupata ithibati ya IPEM, taasisi ya Uingereza. Australia, kama Uingereza, hutenganisha shahada na mafunzo: mafunzo ya hospitali yako chini ya ACPSEM, chama cha wanafizikia na wahandisi wa tiba, na nafasi zake ni ajira zinazotangazwa kama kazi nyingine.

Kisha kuna Trieste, Italia, ambayo kwa mwanafunzi wa nchi inayoendelea ningeitaja kabla ya nyingine zote. Kituo cha ICTP, kilichoanzishwa 1964 na mwanafizikia Mpakistani Abdus Salam, kinaendesha pamoja na Chuo Kikuu cha Trieste uzamili wa fizikia ya tiba tangu 2014. Mwaka wa kwanza ni darasani. Mwaka wa pili mwanafunzi anapelekwa kwenye hospitali ya Italia kufanya kazi chini ya usimamizi. Ufadhili upo, ingawa nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Ni nadra kupata mahali ambapo shahada na wodi vimefungwa pamoja katika ombi moja.

Na kama nchi unayokusudia kufanya kazi haina leseni ya taaluma hii bado? Basi fuata kiwango cha IAEA, halafu fikiria cheti cha bodi ya kimataifa ya IMPCB, iliyoundwa 2010. Wakati sheria itakapotungwa, na nchi nyingi ziko njiani, utakuwa umeshatimiza masharti.

Hatua ya 3: Pima msingi wako wa fizikia bila kujidanganya

Programu nzuri hazitaki mtu mwenye alama za juu za jumla tu. Kamati inasoma orodha ya kozi. Wanatafuta umekanika, umeme na sumaku, fizikia ya kwanta, fizikia ya atomu na kiini, na kozi za maabara ambako uliandika makosa ya vipimo kwa mkono wako. Upande wa hesabu wanataka kalkulasi ya vigezo vingi, milinganyo ya tofauti, algebra ya mistari na takwimu. Nchini Marekani na Kanada, programu zenye ithibati ya CAMPEP hudai angalau kiwango cha fizikia kinacholingana na mwanafunzi aliyeichukua kama somo la pili la shahada, pamoja na kozi tatu za fizikia za ngazi ya juu.

Wahandisi wa umeme, wa vifaa tiba na wa nyuklia huingia mara nyingi, ila pengo lao huwa kwenye kwanta na kiini. Wenye shahada za radiografia hupata shida zaidi, kwa kuwa wanaijua mashine vizuri lakini hesabu zao hazitoshi. Kwa wote wawili dawa ni ileile: chukua kozi mbili au tatu zinazokosekana katika chuo chochote kinachotoa matokeo rasmi kabla hujaomba. Kozi za bure za mtandaoni zinakufundisha, lakini kamati haziwezi kuzihesabu.

Mwenye uzamivu wa fizikia tayari, hata wa nyota au wa nusu-kipitishi, ana njia ya mkato. Programu kadhaa za CAMPEP hutoa cheti cha baada ya uzamivu chenye kozi za msingi za fizikia ya tiba, na baada ya hapo unaweza kuomba rezidensi.

Anatomia na fiziolojia utafundishwa, lakini anza mapema. Jifunze kwa kutumia picha za CT zilizokatwa vipande, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyouona mwili kila siku ya kazi: vipande vya mlalo, miguu ya mgonjwa ikiwa upande wako, kulia kwake kukiwa kushoto kwako.

Hatua ya 4: Chuja programu kwa maswali yanayoumiza

Tovuti za vyuo zimeandikwa na watu wa matangazo. Programu zenye ithibati ya CAMPEP zinatakiwa kuweka hadharani idadi ya waombaji, waliopokelewa, waliohitimu na walikokwenda baada ya kuhitimu. Tafuta ukurasa huo kabla ya kutazama picha za bustani. Kama wahitimu wengi wameandikwa tu kwamba wako kwenye "ajira nyingine", uliza ni ajira ipi.

Kisha mwandikie mratibu wa programu barua pepe fupi yenye maswali haya:

- Je, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kuingia hospitalini na kugusa mashine, au mafunzo ya vitendo ni ya kutazama tu?
- Mwanafunzi hupata saa ngapi za mashine, na mashine zipi?
- Katika miaka ya karibuni, wahitimu wa kigeni wamepata wapi mafunzo ya hospitali?
- Ithibati ya programu inaisha lini?

Jibu la swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Chuo kinachojua jibu kitalitoa kwa mistari miwili. Chuo kinachokujibu kwa maneno ya jumla kuhusu fursa nyingi za wahitimu kimekujibu.

Omba pia kuunganishwa na mwanafunzi wa sasa kutoka nje ya nchi. Muulize kuhusu ratiba ya usiku. Vipimo vingi vya utafiti kwenye mashine za tiba hufanywa wagonjwa wakishaondoka, na ukiishi mbali na hospitali pasipo usafiri wa usiku, nusu ya mafunzo itakupita.

Hatua ya 5: Fedha

Kanuni ya jumla ni rahisi. Uzamivu wa utafiti mara nyingi hulipiwa, kwa kazi ya usaidizi wa kufundisha au wa utafiti nchini Marekani na Kanada, au kwa mkataba wa ajira katika sehemu kubwa ya Ulaya bara. Uzamili mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe. Shahada ya udaktari wa kitaaluma iitwayo DMP, inayotolewa na vyuo vichache Marekani, huunganisha masomo na mafunzo ya hospitali, na kwa kawaida mwanafunzi anabeba ada hata katika miaka ambayo mwenzake wa rezidensi analipwa mshahara. Ina faida moja: hutafuti rezidensi baadaye. Piga hesabu kabla hujavutiwa.

Vyanzo vya ufadhili vya kuanza navyo ni hivi. Wanawake wanaosoma uzamili unaohusiana na nyuklia, na fizikia ya tiba imo, wana ufadhili wa IAEA uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie na kuanza 2020, unaotoa msaada hadi miaka miwili na nafasi ya mafunzo kazini baadaye. Ni chanzo kikubwa ambacho wengi wanaostahili hawakijui. Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, kwa masharti ya kuwa na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na kurudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo. Wapo pia wafadhili wa Jumuiya ya Madola, DAAD kwa Ujerumani na Fulbright kwa Marekani. Wafanyakazi wa hospitali za umma na taasisi za mionzi wana njia nyingine isiyotangazwa sana: ushirikiano wa kiufundi wa IAEA, ambao hupitia ofisi ya uhusiano ya kitaifa ya kila nchi. Kama unafanya kazi kwenye taasisi kama hiyo, muulize mkuu wako ni nani anayepeleka majina huko.

Kuhusu gharama zenyewe, usiishie kwenye ada. Ujerumani utaonyesha akaunti iliyofungwa (ya fedha za kujikimu, unazozitoa kidogo kidogo kila mwezi) yenye Euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 2024, hata kama chuo ni bure. Jimbo la Baden-Württemberg, ilipo Heidelberg, hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa muhula. Uingereza huongeza malipo ya huduma ya afya juu ya viza, kwa kila mwaka, yanayolipwa yote kwa pamoja kabla hujasafiri.

Hatua ya 6: Maombi

Anza mwaka mmoja na nusu kabla ya tarehe ya kuanza masomo. Vyuo vya Marekani vinavyoanza Agosti au Septemba hufunga maombi mengi Desemba na Januari, na wanaopewa fedha huwa na hadi 15 Aprili kujibu. Mtihani wa GRE, wa kupima waombaji wa shahada za juu, umeachwa na programu nyingi, si zote. IELTS au TOEFL bado vinadaiwa na wengi, hata kwa aliyesoma kwa Kiingereza, isipokuwa chuo kikubali barua ya chuo chako cha awali.

Matokeo yako rasmi yaombe mapema, pamoja na muhtasari wa kila kozi. Alama peke yake hazimwambii msomaji wa ng'ambo ulisoma nini ndani ya kozi iitwayo "Fizikia ya 3".

Maelezo binafsi ndiyo sehemu ambayo wengi huharibu kwa namna ileile: wanaanza na ndugu aliyeugua saratani. Huzuni hiyo ni ya kweli na haina ubaya, ila msomaji amekwisha kusoma nyingine nyingi za aina hiyo asubuhi hiyohiyo. Kinachomshika ni ushahidi kwamba unaijua kazi. Aya moja inayoeleza jinsi ulivyokaa siku kadhaa na mwanafizikia wa hospitali, ukaona ukaguzi wa asubuhi wa mashine, ukauliza kwa nini matokeo ya chemba ya ioni (kifaa kidogo cha kupimia mionzi) yanarekebishwa kwa joto na mgandamizo wa hewa, ina nguvu kuliko kurasa mbili za ndoto. Kama hakuna hospitali karibu yenye tiba ya mionzi, idara ya eksirei inatosha kuanzia.

Usipopata nafasi hata hiyo, fanya mradi mdogo. Programu za bure zipo: Geant4 iliyoanzia CERN, GATE iliyojengwa juu yake, EGSnrc ya Kanada, 3D Slicer kwa picha. Iga miale ya fotoni ikiingia kwenye maji, chora mkunjo wa dozi dhidi ya kina, linganisha na data zilizochapishwa, na ueleze panapotofautiana. Mradi wa namna hiyo unakufundisha Python, takwimu na fizikia kwa mpigo, na unakupa la kusema kwenye usaili.

Vitabu vya kujisomea usinunue. IAEA imeweka bure mtandaoni vitabu vitatu vikubwa vya kufundishia, cha fizikia ya tiba ya saratani kwa mionzi (2005), cha fizikia ya radiolojia na cha fizikia ya tiba ya nyuklia (vyote 2014). Ukimaliza sura kumi za mwanzo za kile cha kwanza, utaingia darasani ukiwa mbele ya wenzako.

Barua za mapendekezo ziwe tatu: mbili za waliokufundisha fizikia, moja ya aliyekuona ukifanya kazi. Mkubwa wa idara asiyekujua atakuandikia barua tupu yenye mhuri mzuri. Mhadhiri kijana aliyekusimamia maabara ataeleza ulivyofanya kipimo kilipogoma.

Kwa uzamivu, mwandikie msimamizi unayemtaka kabla ya kuomba. Mistari kumi, makala yake moja uliyoisoma, swali moja la kweli. Muulize pia kuhusu chanzo cha fedha za mradi, kwa sababu baadhi ya ruzuku za serikali haziwezi kumlipa mgeni.

Hatua ya 7: Viza na karatasi za hospitali

Barua ya kukubaliwa ikifika, mbio huwa mbili kwa pamoja. Upande wa viza, tarajia maswali ya ziada kwa sababu neno "nyuklia" liko kwenye kozi zako. Uingereza huwataka raia wa nchi fulani wapate kibali cha ATAS kwa baadhi ya kozi za fizikia za ngazi ya juu, na huwezi kuomba viza kabla ya kibali hicho, kwa hiyo uliza chuo siku ileile unapopata nafasi. Kwenye ubalozi, eleza kozi kwa lugha ya hospitali: unasomea kupima na kusimamia mionzi inayotumika kutibu wagonjwa. Ni ukweli, na unaeleweka.

Upande wa hospitali, utatakiwa kuonyesha chanjo, ya homa ya ini aina B ikiwamo mara nyingi, kipimo cha kifua kikuu, na cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Chanjo ya homa ya ini huchukua miezi kukamilika kwa ratiba ya kawaida. Ianze kabla ya viza.

Hatua ya 8: Ukiwa masomoni

Panga muhula wako wa kwanza kwa kuitazama rezidensi, si mitihani. Jitolee kusaidia ukaguzi wa mashine hata usipolipwa, na usibague kazi: kubeba matangi ya maji ya kupimia, kupanga filamu, kuandika namba. Jifunze mfumo wa faili za DICOM ndani nje, maana kila picha na kila mpango wa tiba hupita humo. Kaa kwenye mikutano ambako madaktari wanajadili wagonjwa, hata kama mwanzoni huelewi nusu ya maneno. Wanafunzi waliotoka fizikia tupu husahau kwamba nusu ya kazi hii ni kuzungumza, kumwambia daktari mwenye haraka kwamba mpango wake hautapita leo, na kumweleza sababu kwa dakika mbili.

Kwa wanaosoma Marekani, fanya sehemu ya kwanza ya mtihani wa ABR mapema iwezekanavyo, na ukiomba rezidensi uulize waziwazi kama hospitali inadhamini viza. Baadhi hazidhamini, na ni bora kujua kabla ya kusafiri kwenye usaili. Hospitali zisizo za kibiashara zilizofungamana na vyuo vikuu mara nyingi hazibanwi na kikomo cha mwaka cha viza ya kazi ya H-1B, kwa hiyo zipe kipaumbele. Uliza pia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama kozi yako imeorodheshwa kati ya zile zinazoruhusu kuongeza muda wa kufanya kazi baada ya kuhitimu.

Anayekusudia kurudi kwao ajifunze teknolojia ambayo wenyeji wake wanaiona ya zamani. Hospitali kubwa za nchi tajiri zina viharakishi vipya (mashine zinazotengeneza mionzi kwa umeme) na roboti, ilhali sehemu nyingi za dunia bado zinatibu kwa kobalti-60. Chanzo cha kobalti hupoteza nusu ya nguvu zake kwa miaka 5.27, kwa hiyo muda wa kumtibu mgonjwa unarefuka mwezi hadi mwezi na lazima urekebishwe kwenye hesabu. Mwombe msimamizi wako akufundishe kuhakiki hesabu kwa mkono, karatasi na kikokotoo, bila programu.

Na tangu siku ya kwanza hospitalini, weka daftari la kazi: tarehe, mashine, kazi uliyofanya, saa ulizotumia, saini ya aliyekusimamia. Bodi za usajili huomba ushahidi wa saa na wa aina ya kazi, wakati mwingine miaka kadhaa baadaye, na msimamizi aliyehamia hospitali nyingine au kustaafu ni vigumu kumpata. Mwisho wa kila muhula lipige picha, lihifadhi mahali pawili, na uombe barua fupi ya idara inayothibitisha muda huo, yenye jina la programu kama lilivyoandikwa kwenye ithibati.